Zamu ya Maji Baada ya Sirili

Chumba cha uani kwa Hilda, kule Pasua mjini Moshi, siku hizi kinawekwa magunia ya pumba. Hilda anasema alikipangisha mara mbili baada ya Mektrida kuondoka, na mara zote mbili walikuja watu wazuri wasio na kelele, na ndiyo maana aliwachoka. Alikuwa amezoea kile kijiko. Mektrida alipokuwa anafikiri aligonga kijiko cha chai kwenye ukingo wa kikombe, mara tatu, kimya, mara tatu tena, na nyumba nzima ilijua kuna kitu kimekwama. Mlio wa kijiko ukikatika ghafla, hata waliokuwa wanafua uani waliinua vichwa. Kimefunguka. Sasa kuku wanaingia mle na kutoka, na hakuna kinachokwama wala kufunguka.

Mektrida Melkior alipiga chapa miaka kumi na mmoja katika ofisi moja ya kahawa mjini Moshi. Wanunuzi binafsi walipoanza kupanda vijijini na mizani zao, ofisi ilianza kupunguza watu, kwanza madereva, halafu makarani, halafu yeye. Ulikuwa mwaka 1997. Alikuwa na miaka thelathini na sita, hana mume, hana mtoto, na vidole vyake viliendelea kupiga chapa juu ya meza ya chakula, juu ya goti, juu ya kitabu cha nyimbo kanisani. Kiinua mgongo chake kilinunua kompyuta kuukuu iliyotupwa na mradi mmoja uliokwisha. Ilifika Pasua juu ya mkokoteni, imefunikwa kanga kama mgonjwa.

Alijiandikisha kwenye darasa la Praygod, karibu na soko. Praygod alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne aliyesomea Dar, anavaa tai hata siku za joto. Wanafunzi wengine walitaka kujua kuandika barua na kupanga majedwali, wapate cheti, waondoke. Mektrida alijua kuandika barua kabla Praygod hajaota meno.

"Hizi programu zenyewe zinaandikwa na nani?" aliuliza wiki ya pili.

"Wazungu, dada. Na Wahindi."

"Kwa lugha gani?"

Praygod alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki.

Ndipo safari ilipoanza, na haikuwa safari iliyonyooka. Alianza na BASIC, akaifanya miezi miwili. Mtu akamwambia BASIC inazoesha mikono vibaya, akahamia Pascal. Pascal ilipoanza kumjibu vizuri, akasikia kwamba maofisini watu wanatumia programu za kutunza kumbukumbu, akaiacha Pascal katikati ya zoezi. Kila lugha ilikuwa na daftari lake, kurasa kumi za mwanzo zimeandikwa kwa mwandiko wa kupendeza, zilizobaki nyeupe. Alikuwa na madaftari matano ya namna hiyo, na usingizi wa mang'amung'amu, na miguu isiyotulia chini ya meza.

"Wewe," Hilda alimwambia siku moja akichambua mchele, "unahama nyumba kila ukimaliza kutandika kitanda."

"Natafuta nyumba isiyovuja."

"Hakuna. Tafuta ndoo."

Lugha ya tano ilikuwa C. Praygod alimpa nakala kivuli ya kitabu, kurasa zimefifia pembeni, na onyo. "Dada Mektrida, nakwambia kwa heshima. Hii ni ya watu wanaotengeneza injini. Wewe unataka kuendesha gari tu. Chukua ile ya kumbukumbu, utamaliza Ijumaa."

"Sitaki kuendesha. Nataka kuona mafuta yanapita wapi."

"Haya. Ukifika kwenye pointa utanikumbuka. Wengi wanarudia hapo."

"Na wewe ulivukaje?"

Praygod alinyoosha tai yake. "Mimi niliruka ile sura," akasema.

Lakini kilichomsukuma si udadisi peke yake. Kilikuwa kichwa cha baba yake.

Mzee Melkior, kule Kirua Vunjo, alikuwa mtunza zamu wa mfongo, ule mfereji uliochimbwa na babu zao kuleta maji kutoka korongoni hadi kwenye migomba na kahawa. Kaya arobaini na tatu zilikunywa kwenye mfongo ule mmoja, kila kaya kwa zamu yake. Zamu hizo hazikuwa zimeandikwa popote. Zilikuwa kichwani mwa Melkior, kama zilivyokuwa kichwani mwa baba yake, na hakuna aliyewahi kubishana nazo. Mwaka 1999, mwezi wa nne, Melkior alizipa kaya mbili asubuhi moja. Mwezi wa sita walikuta jembe lake ndani ya pipa la maji ya kunywa. Mwezi wa nane alimwita Mektrida kwa jina la marehemu mkewe, mchana kweupe, akicheka.

Mektrida alirudi Pasua siku hiyo na hofu moja. Zamu zile zikipotea kabla hazijaandikwa, jua la Januari litawakuta watu arobaini na tatu mfongoni na mapanga, na jina la mwisho watakalolitemea mate litakuwa la baba yake. Mkutano wa mfongo hufanyika Krismasi, wakati wote walioko Dar na Arusha na Tanga wamepanda mlima kurudi nyumbani. Alikuwa na miezi minne.

Angeweza kuchukua daftari la sita na kuziandika kwa kalamu. Hilda alimwambia hivyo. Lakini vihamba, yale mashamba ya nyumbani, vinagawanywa kila mwaka, mtoto wa kiume akioa anakatiwa kipande, na daftari hujaa mistari na vishale mpaka mwenyewe halisomi. Alitaka kitu kinachopokea mabadiliko. Pia, na hili hakumwambia mtu, alitaka kazi moja ya kweli ya kuipa ile mashine, ili ajue kama miaka miwili ya kugonga kijiko ilikuwa ya maana au ya wazimu.

Kwanza alizipa kaya nambari, moja hadi arobaini na tatu. Alikaa na baba yake jikoni.

"Filemon ni wa ngapi, baba?"

"Wa ngapi kivipi?"

"Nambari yake."

"Maji hayana nambari, Mektrida. Yanatoka kwa mtu, yanakwenda kwa mtu." Akafumba macho akaanza kuimba zamu kama litania, kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na alipokatizwa ilibidi aanze upya juu kabisa, kwenye korongo.

Jedwali la nambari lilimshinda. Kihamba kimoja kilipogawanywa kaya ya tano, ilibidi asogeze thelathini na nane zilizobaki, moja moja. Akafungua ile sura ya pointa, yaani vielekezi, ambayo Praygod aliiruka. Kielekezi, kitabu kilisema, hakibebi kitu, kinabeba mahali kitu kilipo. Aliisoma sentensi hiyo mpaka ikawa kelele. Kijiko kiligonga wiki tatu. Mpangaji wa chumba cha mbele aliuliza kama kuna fundi saa.

Jumamosi moja ya Oktoba alipanda Kirua, akafuatana na baba yake kukagua mfongo. Sirili, mzee mwenye kihamba cha kumi na saba kutoka juu, alikuwa anamaliza zamu. Aliziba mlango wake kwa udongo na magome ya mgomba, akapiga mluzi kuelekea chini, akaenda kunywa uji. Hakugeuka kuangalia maji yanaishia wapi. Alijua jambo moja tu, anayemfuata. Wakati huo akapita bwana mifugo na begi lake.

"Shikamoo mzee. Kwa Elifuraha ni wapi?"

"Marahaba," Melkior alijibu. "Shuka, pale penye mti uliokatwa kichwa, kulia."

Bwana mifugo akashukuru akaenda. Mektrida akamtazama baba yake. "Elifuraha alikufa mimi nikiwa darasa la tano. Mkewe naye amekufa. Nyumba ina kufuli."

"Elifuraha amekufa. Kwa Elifuraha hakujafa. Huyo ameulizia ng'ombe wa Filemon, amefungwa kule kwenye majani."

Mektrida alisimama katikati ya njia. Hakuwa na kijiko. Jina lile lilikuwa halina mtu ndani yake na bado lilimfikisha mtu alikokuwa anakwenda. Njia ni kitu kimoja, nyumba ni kitu kingine, na Sirili hakuhitaji kuwabeba watu arobaini na tatu kichwani ili mfongo uende. Alihitaji njia moja tu, ya kwenda kwa anayemfuata.

Jumatatu Hilda alisikia kijiko kikikatika. Kilikaa kimya siku nne.

Programu iliyozaliwa ilikuwa nzuri. Kila kaya ilishika jina lake na njia ya kwenda kwa inayofuata, basi. Kugawa kihamba kulikuwa kufungua fundo moja na kufunga mawili. Kufikia Desemba zamu zote zilikuwa ndani, zimetolewa kwa Melkior kipande kwa kipande asubuhi zile alipokuwa na nuru. Karatasi alizoziandikia Mektrida, Hilda alizitumia kuwashia mkaa, kwa ruhusa ya mwenyewe. Kila kitu kilikuwa kwenye disketi.

Tarehe ishirini na nne alasiri alibakiza mambo mawili. Hosea, kijana aliyeoa Septemba, alikuwa amekatiwa kipande juu kabisa, karibu na korongo, kwa hiyo aingie wa kwanza. La pili lilikuwa lake mwenyewe, hakuna aliyemtuma. Mpiga chapa hapendi nafasi tupu katikati ya ukurasa. Kaya ya kumi na nane, kwa Elifuraha, haikuwa na mtu. Akaiondoa. Aliiambia mashine kwamba mahali pale sasa pako wazi, pachukuliwe na yeyote. Akatazama skrini, na jina la Elifuraha lilikuwa bado limekaa pale pale, kama mtu aliyeambiwa aondoke akajifanya hasikii. Litaondoka wakati wa kuchapa, alijisemea. Mgao wa umeme ulikuwa saa kumi na mbili na ilikuwa imebaki robo saa. Akamwingiza Hosea. Akaiamuru mashine ihifadhi kaya arobaini na tatu, kisha ichape mistari arobaini na tatu. Printa ililia, ukurasa ukajaa hadi chini, umeme ukakatika. Aliukunja ukurasa kwa uangalifu. Hakuusoma.

Asubuhi ya mkutano, siku iliyofuata Krismasi, alimkuta baba yake anakunywa chai juani.

"Nimezinyoosha zamu, baba. Kwa Elifuraha nimekutoa, hakuna mtu."

Melkior aliweka kikombe chini. "Umekutoa ukapeleka wapi?"

"Nimekutoa tu."

Mzee alipitisha zamu midomoni, kisha akaitazama chai kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Watu walijaa kwenye uwanja ulio chini ya korongo, wenyeji kwa gumbuti zao, wa Dar kwa viatu vyeupe. Filemon, mwenye kihamba kinachopakana na kwa Elifuraha upande wa chini, alipewa ukurasa asome, kwa kuwa alikuwa na miwani. Alisoma Hosea, akasoma kumi na sita waliofuata, akamsoma Sirili. Akageuza macho kwenye mstari uliofuata, akasita.

"Hosea," akasema.

"Umeshamsoma huyo," mtu akadakia.

"Ndivyo ilivyoandikwa. Hosea. Halafu hawa hawa tena. Sirili. Halafu Hosea."

Justina, mjane aliyepokea maji baada ya Filemon, alishika kiuno. "Huyo Hosea ameoa juzi, ana migomba ya mfalme? Maji yanamzunguka mara tatu?"

Watu walicheka, halafu kicheko kikageuka. Walio chini walikuwa ishirini na tano na hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye ukurasa. "Melkior amewapa wa juu mfongo wote!" ilisikika kutoka nyuma. "Na binti yake ndiye amepiga mhuri." Kisha akasimama mwanamke aliyekuja jana yake kutoka Dar, amefunga kitambaa cheusi. Alikuwa Aikande, binti wa Elifuraha.

"Mimi nauliza jambo moja," alisema polepole. "Kwetu kumefutwa na nani? Baba na mama wamelala pale. Migomba iliyo juu yao inanyweshwa na Filemon kwa zamu yetu, miaka yote, na sisi tukija Desemba tunakuta mbichi. Nani ameamua kwamba pale hakuna mtu?"

Mektrida aliiona yote mara moja, na ilimpanda usoni kama moto wa jiko. Alikuwa ameondoa kaya kabla ya kushika njia inayotoka ndani yake. Sirili alikuwa bado anaelekeza mahali pale pale palipoachwa wazi, na mashine, kama mgawa viwanja yeyote, ilimpa Hosea kiwanja kilichotoka kuachwa. Maji yalifika kwa Sirili, yakaingia mahali pa Elifuraha, yakamkuta Hosea, yakarudi juu. Na disketi ilikuwa imehifadhi uongo huo huo. Watu ishirini na tano hawakuwa popote tena ila ndani ya kichwa cha mzee aliyekuwa anainuka sasa kwa fimbo yake.

"Nyamazeni," Melkior alisema. "Mimi sihitaji karatasi."

Akafumba macho, akaimba. Sauti ilikuwa ileile ya jikoni. Kutoka korongoni kwenda kwa huyu, kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, kumi, kumi na tano, Sirili. Akanyamaza. Akarudi juu, akaanza upya, akafika kwa Sirili, akanyamaza. Mara ya tatu alipofika hapo alifumbua macho akamtafuta binti yake kati ya watu, kama anayeomba ruhusa.

"Kwa Elifuraha, baba," Mektrida alisema. "Kwa Elifuraha kupo. Nilikosea."

"Kwa Elifuraha," mzee alirudia. "Kutoka kwa Elifuraha maji yanakwenda..."

Upepo ulipita kwenye migomba. Hakuna aliyemsaidia, na hakuna aliyecheka.

Mektrida alitembea mpaka mbele. Wanawake hawakuzoea kusimama pale, penye mlango wa kwanza wa mfongo, na alijua. Aliuchukua ukurasa mikononi mwa Filemon, akaugeuza upande mweupe, akauweka juu ya jiwe.

"Sitauliza zamu zikoje," alisema. "Nauliza hili tu. Nani anapokea maji yakitoka kwa Elifuraha?"

"Mimi," Filemon alisema. "Hilo nalo la kuuliza?"

"Unampa nani?"

"Justina. Na hata nisipompa anachukua."

"Mdomo wako, mbe!" Justina alisema, lakini alikuwa amesogea. "Mimi nampa jirani yangu huyu hapa mwenye kofia."

Mwenye kofia alimtaja wake. Aliyetajwa alimtaja wake. Mmoja hakuwepo, alikuwa amelazwa, lakini wa juu yake alijua anampa nani na wa chini alijua anapokea kwa nani, na pengo likajifunga lenyewe. Penseli ya Mektrida ilikimbia. Hakuna hata mmoja uwanjani aliyejua zamu zote, na hakuna hata mmoja aliyekosea ya kwake. Walipofika chini kabisa, penye kaya ya mwisho ambayo hutoa maji yarudi mtoni, alihesabu. Arobaini na nne, pamoja na Hosea.

Aikande alikuja akainama juu ya jiwe, akatafuta jina la baba yake kwa kidole. Alipolipata aliondoka.

Watu walipoanza kutawanyika Melkior alikuwa amekaa juu ya ukingo, miguu karibu na maji.

"Kumbe walikuwa wanajua," alisema.

"Kila mtu kipande chake, baba."

"Basi hawanihitaji."

Mektrida alivua viatu. Akakaa kando yake. Mkutano ulimpa Filemon utunzaji wa zamu jioni ile, kwa maneno ya adabu na kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi, na Melkior alikunywa wa kwanza kama anavyostahili.

Kosa lenyewe Mektrida alilirekebisha Pasua siku ya pili ya Januari, kwa mistari mitatu. Shika kwanza njia inayotoka ndani ya kaya, umpe aliye juu yake, ndipo uachie. Alichapa ukurasa mpya, akausoma mara nne kwa kidole, akaupeleka Kirua. Filemon aliutazama mbele na nyuma.

"Umetoka mzuri," alisema. "Lakini tumenunua daftari. Justina ndiye anayeandika."

Hilda alingoja arudi ameudhika, anunue kitabu cha lugha ya sita. Hakununua. Madaftari yale matano aliyatumia kuwashia jiko, isipokuwa la C, ambalo lilijaa, likafuatiwa na jingine la C. Praygod alimwambia dunia imeshahamia kwenye vitu vya intaneti, akajibu kwamba dunia imwachie anwani. Lakini miguu chini ya meza haikutulia. Wikendi alikuwa anapanda Kirua kumwangalia mzee, ambaye sasa alimwita kwa jina la mama yake karibu kila mara, na ambaye kila asubuhi alitembea hadi mfongoni akaimba mpaka kwa Sirili, akasimama. Mektrida aliimalizia. Kutoka kwa Sirili kwenda kwa Elifuraha, kutoka kwa Elifuraha kwenda kwa Filemon. Mzee alisikiliza kama habari mpya.

Melkior alizikwa kwenye kihamba chake Machi 2001, kaya ya tisa kutoka juu. Mwezi wa tano mkokoteni ulikuja Pasua, na kompyuta ikatoka vile ilivyoingia, chini ya kanga.

Mektrida yuko Arusha sasa, mtaa wa Sakina. Anaandika programu za maabara za hospitali, kwa C, na hupanda Kirua kila Desemba. Nyumba ya Melkior ina kufuli, na zamu yake ya maji iko kwenye daftari la Justina.